Uzi: Pipa la chai la hoteli limekuwa mtambo wa togwa gerejini, chombo kimoja tu (Mombasa)

FundiWaNyuma

Wanajamvi salaam. Nimekula sana vya humu bila kuchangia, leo naweka changu mezani. Ni kirefu, mwenye haraka apite.

Mimi fundi wa friji, makao Kisauni. Gereji ninayo, gari sina. Niliuza, likabaki doa la oili sakafuni na kompresa tatu mbovu ambazo roho inakataa kuzitupa. Mke wangu mtu wa Songea. Kila tukirudi kutoka kwao wimbo ni mmoja: Mombasa nzima madafu yapo, ukwaju upo, juisi ya miwa ipo, togwa hakuna. Mwaka huu nikasema basi, nitaipika mwenyewe, tena si ya kibuyu, ya lita 25 kwa mkupuo.

Kwa ndugu zangu wa pwani wasioijua: togwa ni uji wa mahindi au mtama unaopoozwa kidogo kisha ukatiwa unga wa kimea cha ulezi (sisi Kenya twauita wimbi). Dakika chache tu, ule uji uliokuwa unashika mwiko unalegea kama maziwa, na utamu unaingia bila chembe ya sukari. Ukilala usiku mmoja unapata uchachu. Kazi yote hiyo ni ya kimea, yaani nafaka iliyochipuzwa, ikaanikwa, ikasagwa. Vimeng'enya vilivyomo vinaukata wanga kuwa sukari. Vinapenda joto la nyuzi 60 na kitu. Chini ya hapo vinajikokota, na uji ukiwa bado unatokota unaviua vyote.

Sasa mtambo.

Nilipata lile pipa la stenlesi la kuchemshia chai hotelini, lita 40, koki chini. Lilikuwa limetupwa nyuma ya stoo kwa sababu thamostati yake imekufa. Tukabishana, likatoka kwa elfu nne mia tano. Koili ya ndani, ile inayochemsha maji, ni wati 2,500, nzima kabisa. Thamostati nikaing'oa, nikaweka kidhibiti joto cha namba, cha kutegesha nyuzi unazotaka, pamoja na rilei (swichi inayowashwa na kidhibiti) isiyo na vidole yenye bati lake la kupoza. Wazo la chombo kimoja nimelitoa kwa wapika bia wa nyumbani. Zamani wengi walitumia vyombo vitatu, wakaja watu wa Australia na ujanja wa kuweka kimea ndani ya mfuko wa kitambaa, kila kitu sufuria moja, ukimaliza unanyanyua mfuko na machicha yake. Mfuko wangu kashona fundi cherehani kwa kitambaa cha neti ya pazia. Aliniuliza dirisha lina duara namna gani.

Nililojifunza kwa uchungu ni kutoboa. Stenlesi ukiiendea kwa pupa inakaza, inakuwa ngumu hadi inamaliza biti. Drili izunguke polepole, mkono uwe mzito, mafuta kila wakati. Tundu la kwanza nilijifanya mjuaji, biti mbili zikaenda. Na washa, zile pete za kuzibia tundu, ziwe za silikoni, mpira wa kawaida ukipata moto utainywa harufu yake kwenye togwa.

Kesho naeleza mpiko wa kwanza. Haukwenda vizuri.

---

Yakhe_wa_Kuze

Yakhe, pipa, koili, mfuko, kimea... hiyo togwa yako naona ina masharubu. Sema kweli, si mtambo wa pombe huo?

---

FundiWaNyuma

Haha shekhe wangu, pipa halina dini, litapika utakachotia. Lakini nasema mapema ili uzi usipotee njia: Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile tuliyoibatiza Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, inataka leseni kwa kila anayetengeneza kileo, hata kama anapikia gerejini. Anayetaka bia aanze na leseni. Mimi na nyumba yangu tunakunywa togwa.

Isitoshe, bia hapa ni kujitafutia presha. Hamira nyingi za bia zataka nyuzi 18 hadi 20, za laga zataka 10 hadi 12. Maji ya bomba Mombasa yanatoka na nyuzi 28, 29. Kwa togwa, joto letu hili hili ndilo mtaji.

---

FundiWaNyuma

Mpiko wa kwanza, kama nilivyoahidi.

Maji lita 22, unga wa mahindi kilo mbili na nusu, nikawasha. Nilifuata michoro ya wale wa bia kama ilivyo, nikasahau kitu kimoja kikubwa: wao wanatumia shayiri. Wanga wa shayiri unafunguka kwenye joto lile lile ambalo kimea kinafanya kazi, kwa hiyo hawana haja ya kuupika kwanza. Mahindi hayako hivyo, lazima yaive, na yakiiva yanakuwa uji. Na uji ukikaa juu ya koili ya wati 2,500 bila kukorogwa ni habari nyingine.

Kwenye nyuzi 72 hivi nikasikia mlio. Mlio wenyewe haukuwa wa kuchemka, ulikuwa kama mtu anakohoa chini ya pipa. Nikatia mwiko, ukasimama wenyewe. Chini koili ilikuwa imevaa koti jeusi la ukoko unene wa kidole, harufu ikatoka gerejini ikaingia kwa jirani, jirani akaja na ndoo ya maji akidhani nyumba inaungua. Wakati tunacheka plagi nayo ikaanza kunuka. Niliishika, moto. Wati 2,500 kwa volti 240 ni ampea kumi na kitu, plagi ya ampea 13 inabeba kwenye karatasi, lakini saa nzima mfululizo, kwenye joto hili, na soketi iliyolegea, ikayeyuka upande mmoja.

Siku mbili nimekwangua ukoko. Nipeni maarifa.

---

Binti_Litembo

Mkuu pole, ila umenichekesha na jirani na ndoo. Kwetu Mbinga togwa inapikwa kwenye moto wa kuni na mtu hatoki pale, ukimwona anakoroga usimsalimie kwa mkono. Hakuna mtambo wa kuwasha ukaenda kuangalia mpira.

Na kimea kinatiwa uji ukishapoa kiasi. Bibi hakuwa na kipimajoto: anachovya kidole, ukiweza kukichovya na kukitoa lakini huwezi kukiacha, ndipo penyewe. Ukiweza kukiacha, umechelewa.

---

Mzee_wa_Kiwandani

Vijana, nimepikia kiwanda cha bia miaka mingi, sikitaji. Bia yenye mahindi ndani tulikuwa tunafanya hivi: kimea kidogo, kama sehemu moja ya kumi, kinatangulia pamoja na unga tangu maji ya baridi. Joto linapanda polepole hadi 70, linasimama hapo robo saa. Uji unapoanza kukaza kile kimea kinaukata palepale, unabaki mwepesi. Ndipo unachemsha. Kimea kile kinakufa kwenye moto, sawa, kazi yake imekwisha. Kilichobaki, sehemu tisa, unakitia baadaye ukishashusha joto. Jaribu hivyo, mwiko wako hautasimama tena.

---

Stima_Bila_Mchezo

Mzee kamaliza upande wa uji, mimi nizungumzie umeme maana hapa watu wanakufa kizembe.

Kwanza, sakafu ya gereji ina maji, wewe una ndala, pipa ni chuma. Bila waya wa ardhi uliokazwa kwa boliti kwenye mwili wa pipa, na bila swichi ya kukata umeme unaovuja ya miliampea 30, usiguse. Nasema tena, usiguse. Mke atabaki na togwa na wewe hupo.

Pili, hiyo rilei. Zikifa, mara nyingi zinafia kwenye hali ya kuwaka. Kidhibiti kitakuonyesha kimezima na koili inaendelea. Weka swichi kubwa ya mkono, ile ya hita ya bafu yenye taa nyekundu, na ukiondoka uizime hiyo.

Tatu, dawa ya ukoko na ya plagi ni moja. Tafuta koili ya pili, wati 2,500 vilevile. Zifunge kwa mfululizo, mkia wa hii kwenye kichwa cha ile. Kila moja inapata nusu ya volti, kwa hiyo inatoa robo ya nguvu yake, wati 625. Zote mbili wati 1,250. Umeme unaopita ni ampea tano na kidogo, plagi haitajua kama kuna kazi. Na ngozi ya koili inakuwa na joto robo ya lile la kwanza kwa kila eneo, uji hauwi na sababu ya kushika. Utangoja zaidi, lakini kwani unakimbilia feri?

---

FundiWaNyuma

Mkuu hapo umenifunga mdomo. Friji nimezifungua miaka 14 na hilo la mfululizo halikunijia kichwani. Nilikuwa natafuta koili ndogo madukani, kumbe nilitakiwa kuongeza kubwa.

Natafuta ya pili. Na nina mota ya waipa ya gari lile lililouzwa (ilikuwa imeng'olewa kabla), volti 12, mwendo wa pole na nguvu za punda. Nataka iwe mkorogaji.

---

Stima_Bila_Mchezo

Angalia, mota nyingi za waipa mwili wake ndio hasi. Usiifunge chuma kwa chuma na pipa, weka ubao au plastiki katikati. Na chaja ya kuipa hizo volti 12 ikae mbali na mvuke.

---

Kapu_la_Ndimu

Mimi niko Likoni, maji ninayopata ni ya kisima, yana chumvi hata chai inakataa. Yatafaa? Na kimea mnatoa wapi? Dukani nimeona cha busaa, kina vumbi la kijani sikukielewa.

---

FundiWaNyuma

La maji: yale ya kisima yetu yanapita kwenye matumbawe, yamejaa chokaa na chumvi. Ladha ya chumvi huwezi kuificha kwenye togwa, maana haitiwi sukari ya kuifunika. Mimi natumia ya bomba yakitoka, yasipotoka nanunua ya mkokoteni na kumuuliza mwenye mkokoteni kayajaza wapi, ingawa jibu ni lile lile kila siku, "Mzima, bosi," yaani ile chemchemi inayolisha bomba za Mombasa. Chokaa inayoganda kwenye koili itoe kwa siki au maji ya ndimu ya moto. Na tafadhali, pipa la stenlesi usilioshe kwa dawa ya klorini ukaliacha usiku. Klorini inaitoboa stenlesi vijitundu vidogo vidogo, na hewa yetu ya bahari tayari inasaidia kazi hiyo.

La kimea: hicho chenye vumbi la kijani usikiguse! Hicho ni kuvu. Mwaka 2004 Ukambani walikufa watu 125 kwa sumukuvu ya mahindi, na sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha. Unga wangu nanunua mbichi wa wiki hiyo, kimea nachipuza mwenyewe.

Wimbi nalitoa Kongowea. Naosha mpaka maji yawe meupe, naloweka usiku mmoja, nachuja, natandaza juu ya gunia safi lenye unyevu, unene wa kidole tu. Ukirundika unapata joto na ukungu. Asubuhi na jioni naligeuza na kulinyunyizia. Siku ya tatu vimizizi vimetoka, naanika juu ya bati juani. Wakati wa kaskazi siku moja na nusu inatosha. Masika ikinyesha sichipuzi kabisa, bora tukae bila togwa. Kipimo changu: nikilitafuna, livunjike kwa mlio. Likilegea mdomoni halijakauka.

Kwa nini wimbi na si mtama? Chipukizi la mtama lina sianidi. Wapo wanaojua kulikausha na kulipukuta vimizizi na machipukizi yote, mimi sitaki mtihani huo na watoto wananywa.

---

Mpishi_wa_Majengo

Samahani kaka, nauliza kwa nia njema. Sisi Waislamu twaweza kuinywa? Maana naona mwasema inachacha.

---

FundiWaNyuma

Dada yangu, fatwa si kazi ya fundi friji, hilo mpelekee shekhe wako. Mimi nitakueleza kinachotokea ndani ya pipa tu. Usiku wa kwanza wanaotangulia ni bakteria wanaotengeneza asidi ya laktiki, jamaa za wale wa maziwa lala. Ndio wanaotia uchachu. Lakini hamira za hewani nazo zipo, na ukiiacha siku mbili tatu kwenye joto letu zitashika usukani, ianze kutoa povu na kilevi kiingie. Unalijua tembo la mnazi: asubuhi tamu, jioni kali, na mti ni ule ule. Yangu nikiamka alfajiri inaingia friji, na haimalizi siku ya pili.

Kama wataka usiwe na shaka yoyote, inywe ile saa ambayo kimea kimemaliza kazi, kabla haijalala. Ni tamu, haina uchachu, haijachacha hata kidogo. Watoto wangu wanaipenda zaidi hivyo.

---

Mpishi_wa_Majengo

Ahsante, umenieleza vizuri. Hiyo ya kabla ya kulala nitaijaribu kwa futari inshallah.

---

FundiWaNyuma

Wiki tatu zimepita, narudi na ripoti.

Koili mbili, mfululizo. Waya wa ardhi nimekaza, fundi mwenzangu mwenye kibali kaja kaweka ile swichi ya miliampea 30, na akanikaripia kama mtoto kwa ile soketi ya zamani. Mota ya waipa imekaa juu ya ubao wa mvule, mkono wa stenlesi unashuka ndani, ncha yake nimeivisha ukanda wa silikoni unaopangusa sakafu ya pipa kila mzunguko. Mfuko wa neti nimeuacha. Kwa unga hauna kazi, nautumia mwisho kuchuja makapi ya wimbi. Fundi cherehani asijue.

Mpiko wenyewe: maji lita 22, unga kilo mbili na nusu, kimea gramu 80 tangu mwanzo kama alivyosema Mzee. Nikawasha saa mbili asubuhi. Kwenye 66 mota ilianza kuguna, nikasema haya, yamerudi. Nikategesha 70, nikasimama mkono kwenye swichi. Dakika ya sita mguno ukapungua. Dakika ya kumi uji unazunguka kama maji ya mchele. Mzee, popote ulipo, Mungu akuweke.

Kuchemka kumechukua karibu saa mbili jumla. Hesabu yangu: kupandisha lita 25 za mchanganyiko kutoka 29 hadi 98 ni kama uniti mbili za tokeni, na ule moto unaotoroka ubavuni juu yake. Nimefunga pipa kwa kipande cha godoro la zamani, unatoroka kidogo.

Kushusha: mrija wa shaba mita kumi, nimeuzungusha kama springi (huo ninao wa bure, ni kazi yangu), maji ya bomba yanapita ndani. Kutoka 98 hadi 65, dakika kumi na mbili. Maji yanayotoka yanajaa kwenye ndoo, mke anafulia, moto tayari.

Halafu kimea gramu 700. Hapa nilikosea tena. Kipimajoto nilikiweka chini karibu na koili, kikawa kinasoma joto la koili badala ya la togwa. Kidhibiti kinasema 64, kipimajoto cha mkono katikati ya pipa kinasema 58. Nikakihamishia juu kidogo, upande wa pili wa koili, ndipo zikakubaliana kwa nyuzi moja. Mwenye kujenga, toboa tundu hilo la mwisho, baada ya kuona uji wako unazunguka vipi. Mimi sasa nina tundu moja la ziada lenye kizibo.

Na dakika ya ishirini stima ikaenda! Kisauni hiyo. Nikatoa mota, nikafunika mfuniko, nikazungushia blanketi juu ya godoro, nikaenda kuketi kibarazani na jirani yangu. Ilirudi baada ya dakika 50. Nikafungua: 61. Nyuzi tatu tu zimepotea. Na ilikuwa tamu tayari, tamu ya kweli, kama asali iliyochovywa kwenye uji wa mtoto. Kwa hiyo hata kidhibiti changu cha elfu mbili, hapo kilikuwa mapambo.

Nikashusha tena hadi 38, haraka, maana pale kati ya 50 na 40 hakufai kuiacha ijikokote. Nikatia vikombe viwili vya togwa aliyoleta shemeji kutoka Songea kwenye chupa, akiwa kwenye basi usiku kucha (ilikuwa imepanda hiyo, ilifungua kizibo yenyewe). Asubuhi ilikuwa tayari.

---

Yakhe_wa_Kuze

Mimi nipo wa kuonja. Sina masharti.

---

Kapu_la_Ndimu

Ukiuza je? Hapo feri asubuhi ungemaliza pipa zima.

---

FundiWaNyuma

Kuuza ni kibali cha kaunti, cheti cha afya, na alama ya ubora kama unaweka kwenye chupa. Na chupa ikifungwa hii kitu ikiendelea kuchacha juani, ni bomu. Bado.

---

Binti_Litembo

Mkuu umeandika kila nyuzi na kila wati, ila la maana hujasema. Mkeo amesemaje?

---

FundiWaNyuma

Alijaza kikombe, akanywa nusu amesimama, akanyamaza. Akaketi, akamaliza. Akasema, "Hii ni togwa." Nikavimba kichwa. Halafu akaongeza, "Lakini ya mama ina moshi."

---

Stima_Bila_Mchezo

Zitoe koili kwenye mfululizo, rudisha ile moja peke yake, zima mota. Moshi utaupata.